Bi Chupa na Visahani Ishirini

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Bi Chupa atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi katika maabara yetu ya mwanga. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike katika jarida letu kurasa mbili tatu za kumuaga, kwa kuwa kati ya waliobaki mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki nzima na karatasi tupu mbele yangu. Kuna jambo moja nisiloweza kuliruka, na nitalifikia. Kwanza nimtambulishe kwa wale ambao wamemfahamu kwa kupishana naye tu kwenye ngazi, yeye akiwa na trei ya vioo mkononi na wao wakijibana ukutani.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na minne, ameajiriwa kuosha vyombo na sakafu. Alipewa chumba cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya chini, chenye masinki mawili, dirisha linalotazama ukuta na kabati la mbao ambalo mlango wake ulikuwa haufungi mpaka uusukume kwa nyonga. Alikabidhiwa aproni, brashi kumi na mbili na maneno makali kuhusu atakayevunja kitu. Miaka miwili ya mwanzo hakuvunja hata kimoja. Jina la Bi Chupa alipewa na mkuu wa maabara wa wakati huo, mtu ambaye hakuweza kushika jina la binadamu yeyote lakini hakusahau chombo alichowahi kukitumia. Jina likamganda, na siku hizi hata wifi yake akipiga simu hapa humuulizia kwa jina hilohilo.

Wenzetu wa idara nyingine huuliza tunafanya nini nyuma ya mlango wenye taa nyekundu. Tunamulika vitu vidogo mno na kusikiliza vinavyojibu. Ukipiga kitu kwa mwale wa leza wa rangi moja, mwanga karibu wote hurudi na rangi ileile. Sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na kila aina ya molekuli ina namna yake ya kuubadilisha. Hiyo ndiyo mbinu ya Raman. Mashine huchora mstari wenye vilele, na mtu aliyezoea huvisoma vilele hivyo na kukwambia ni molekuli gani iliyopo, kama unavyomtambua ndugu yako kwa kikohozi chake akiwa bado nje ya mlango.

Shida ni kwamba jibu lenyewe ni hafifu mno. Ndiyo maana molekuli zetu tunaziweka juu ya chembe za fedha, madini yaleyale ya vikuku na hereni, ila ndogo kiasi kwamba maelfu yake yakipangwa mstari hayavuki upana wa unywele. Mwanga hujikusanya kwenye mianya kati ya chembe hizo na kulikuza lile jibu. Na humo kwenye mianya hutokea jambo lililotuweka sote hapa miaka yote hii: mwanga hauishii kutazama. Unafanya kazi. Huweza kuzishika molekuli mbili jirani na kuziunganisha kuwa moja, bila moto na bila kuongeza dawa yoyote, huku wewe umekaa kwenye kiti unatazama vilele vipya vikichomoza kwenye kioo cha kompyuta.

Chembe hizo za fedha kwa miaka ishirini na minane zimetengenezwa na Bi Chupa. Hakuna aliyemtuma ajifunze. Fundi aliyekuwa akizitengeneza aliugua, kazi ikasimama wiki tatu, na siku moja mkuu alikuta chupa imejaa kimiminika cha rangi ya majivu yenye ukijani, imefunikwa vizuri na kuandikwa tarehe. Bi Chupa alikuwa amemtazama yule fundi kwa miaka kutoka kwenye sinki lake, akijua chumvi ya fedha inachemka dakika ngapi, rangi ya njano inaingia lini, na lini utie ile chumvi ya pili tone kwa tone bila papara. Mkuu alipima, akapima tena, kisha akamwambia aache kuosha sakafu. Vyombo akaendelea kuviosha kwa hiari yake, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine yeyote.

Vituko vyake ni vingi. Aliwapiga marufuku wote kuingia na manukato, na kuna profesa mgeni aliyerudishwa kwenda kunawa shingo. Kabati la visahani vya kioo vya kupimia alilitia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na ule wa nyumbani kwake. Jumamosi moja tulikuwa na kipimo cha haraka, naye yuko kwenye harusi ya binti wa kaka yake na ufunguo umo shingoni. Mkuu akaendesha gari mpaka ukumbini. Akakalishwa meza ya wakwe, akapewa sahani, na hakurejea mpaka saa kumi na moja, ameshiba, ufunguo kausahau palepale mezani. Mumewe, ambaye ni fundi viatu na mtu wa mzaha sana, husema tangu waoane hajawahi kunywa maji kwenye glasi ambayo haijainuliwa kwanza dirishani kukaguliwa.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Miaka kumi na moja iliyopita mimi ninayeandika nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hapahapa, mwaka wa nne, na nilikuwa nimepata kitu. Nilikuwa nikiweka tone la fedha ya Bi Chupa kwenye kisahani cha kioo, naliacha likauke, naweka molekuli zangu juu yake, namulika kwa mwanga wa kijani. Ndani ya sekunde thelathini vilele vitatu vipya vilichomoza, safi, virefu, ishara kwamba molekuli zilikuwa zikiungana mbili mbili kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Nilirudia mara mia. Haikukataa hata mara moja. Tukachapisha makala, mkuu akapewa mialiko, na mimi nikaanza kutembea kwa mikogo ambayo leo nikiikumbuka naona aibu.

Baada ya miezi mitano ikaja barua kutoka maabara ya nchi nyingine. Ilikuwa na adabu zote, na wembe ndani. Wamefuata maelekezo yetu hatua kwa hatua, hawaoni kitu. Tukawapelekea chupa ya fedha yetu wenyewe. Hawakuona kitu. Mkuu akanituma niende nikapime kwa mikono yangu mbele yao. Nilikaa kwao siku tisa. Nilimulika asubuhi na jioni, na mstari ulibaki tambarare kama meza. Wenyeji wangu walikuwa wakarimu mno, na ukarimu wao ndio ulionitoa kijasho chembamba, maana walikuwa wameshaacha kuniuliza maswali.

Nikarudi nyumbani, nikapima, vilele vikachomoza kama kawaida. Hilo lilikuwa baya kuliko kama vingekataa. Kitu kinachoonekana mkononi mwa mtu mmoja na katika chumba kimoja tu kina jina lake katika kazi yetu. Minong'ono ikaanza kwamba nilikuwa naghushi, naweka michoro ya zamani mahali pa vipimo vipya. Chuo kikaunda kamati ya watu watatu, tarehe ikapangwa. Mkuu aliniambia kwa upole kwamba ataiondoa makala, na kwamba nitafute la kuwaambia wazazi wangu. Nilijua sikudanganya, na nilianza kujiuliza kama kweli nilijua.

Katika siku hizo, wakati wa chai, nilikuwa nikiwasimulia watu niliyoyaona kule, ili tu nisikae kimya. Nikawaeleza jinsi visahani vyao vinavyofika mezani vimefungwa kwenye mifuko, vimesuuzwa mara tano kwa maji ya mvuke, yaani maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukanaswa na kupozwa, yasiyo na chumvi wala kitu kingine. Nakumbuka Bi Chupa aliweka kikombe chini. Hakukimalizia, akatoka. Kwa siku mbili hakusema na mtu, tukadhani amepata taarifa mbaya kutoka kwao.

Siku ya tatu aliniletea trei ya visahani ishirini. Akaniomba nivipime vyote, kwa mpangilio aliouweka yeye, na nisimuulize chochote. Nilipima kutwa nzima. Kumi vilitoa vilele vyangu vitatu. Kumi havikutoa hata dalili. Vilichanganyika, hiki ndiyo, hiki hapana, hiki hapana, hiki ndiyo, na fedha ilikuwa ya chupa moja na molekuli za chupa moja. Akakusanya karatasi zangu, akageuza kila kisahani na kulinganisha alama aliyoiweka chini yake kwa penseli. Kisha akakaa kwenye stuli yangu, akaifunika midomo kwa kiganja. Sikuelewa, na hakunieleza.

Alieleza mbele ya kamati. Hakuwa ameitwa. Aligonga mlango, akaingia na trei, akasimama, ingawa alionyeshwa kiti. Nilikuwepo, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Visahani kumi nimevisuuza kwa maji ya mvuke, kama karatasi inavyosema. Kumi nimevisuuza kwa maji ya bomba, kama ninavyofanya siku zote. Kijana huyu hakujua vipi ni vipi. Hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi, maana kila Ijumaa natia sahihi kwamba ni maji ya mvuke."

Ikabidi aeleze kila kitu, na alieleza bila kujitetea. Alipoanza kazi, mashine ya maji ya mvuke ilikuwa mbovu, ikitoa lita moja kwa saa, naye akaagizwa yale maji ayatunze kwa ajili ya kuchanganyia dawa, visahani avimalizie kwa bomba. Baadaye ikaja mashine mpya na mwongozo mpya, na fomu ya kutia sahihi kila wiki. Akaisoma, akaielewa, akatia sahihi. Lakini visahani vilikuwa mia mbili kwa wiki, mkono ulishazoea bomba, na kioo kilikuwa kinang'aa vilevile. Akajiambia ataanza wiki ijayo. Miaka tisa ikapita hivyo.

Naomba msomaji apime alichokuwa anakitia rehani. Hakuna ambaye angewahi kujua. Bomba halina kumbukumbu, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lile kabati. Angeanza kimyakimya kusuuza kwa maji ya mvuke, vilele vingetoweka hapa pia, na shauri lingeisha: mwanafunzi mmoja aliyekosea au aliyeghushi, aende zake. Kukiri kulimaanisha kusema kwamba alikuwa ametia sahihi ya uongo zaidi ya mara mia nne, katika mahali ambapo sahihi ndiyo kila kitu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, bila cheti cha kumpa kazi pengine popote. Mwezi uleule jina lake lilikuwa limepelekwa juu ili awe msimamizi wa mafundi wote wa jengo.

Kilichofuata kwenye sayansi wengi mnakijua, maana kipo kwenye mabango ya korido. Maji ya bomba yana klorini, ile dawa ya kuua vijidudu. Kiasi kidogo kilibaki kwenye kioo, kikapanda juu ya fedha. Mwanga unapoipiga fedha, elektroni huruka na kuacha pengo nyuma yake, na kwa kawaida hurudi kulijaza kabla haijafanya lolote la maana. Klorini ilikuwa inaliwahi lile pengo. Elektroni ikakosa pa kurudi, ikabaki huko nje na molekuli zetu, ikafanya kazi. Tulitumia mwaka mzima kulithibitisha hilo, tukipima klorini kwa tone. Wale wenzetu wa ng'ambo waliongeza chembe ya chumvi, ambayo nayo ina klorini, kwenye visahani vyao visafi, wakapata vilele siku hiyohiyo, wakatuandikia barua ya pili ambayo haikuwa na wembe. Makala ya kwanza ilisahihishwa, ya pili ikatoka, na hiyo ya pili ndiyo iliyoijenga maabara hii. Nami nikapata shahada yangu.

Bi Chupa alipata barua ya onyo. Usimamizi wa mafundi alipewa mtu mwingine. Katika makala ya pili jina lake lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, kwa maneno "msaada wa kiufundi", baada ya jina la kampuni iliyotuuzia taa.

Aliendelea na kazi. Jumatatu iliyofuata alibandika juu ya sinki karatasi yenye safu mbili alizozichora kwa rula, upande mmoja lililoagizwa, upande mwingine lililofanyika, na akaijaza kila siku kwa mwandiko wake wa kulala. Mwanzoni watu walicheka. Baada ya mwaka mmoja meza zote zilikuwa na karatasi kama hiyo, na wanafunzi wanaotoka hapa huenda nayo wanakoajiriwa. Amefundisha mafundi wanane kutengeneza fedha. Somo lake la kwanza ni lilelile: anakupa chombo, anakwambia ukioshe ujuavyo, kisha anakutaka uandike ulivyokiosha, na anakaa hapo mpaka uandike kweli. Mtu mzima mwenye shahada mbili nimemwona akifuta na kuandika upya mara nne, masikio yamemwiva.

Mwezi uliopita, nikiwa sasa ndiye msimamizi wa maabara hii, nilikwenda ofisi ya utumishi kuomba ile barua ya onyo iondolewe kwenye faili lake kabla halijafungwa. Walikubali bila shida. Nikashuka mbio hadi chumba cha sinki kumpa habari, nikijiona nimefanya jambo. Alikuwa anapanga visahani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia iachwe ilipo.

"Iliandikwa kwa haki, mwanangu. Niliandika nisichokifanya."

Nikamwambia kwamba bila yeye mimi nisingekuwa hapa, na barua ile ndiyo kitu pekee kilichoandikwa rasmi kuhusu siku ile, kwa hiyo atakayesoma faili atajua kosa tu. Akasema kama kuna mtu anaona kuna kingine kilichotokea siku ile, basi na aandike, karatasi zipo.

Kwa hiyo naandika. Siku ile kamati iliposikiliza maelezo yake, mwenyekiti alinigeukia na kuuliza kama nina la kusema kabla hawajaamua juu ya Bi Chupa. Nilikuwa nalo. Nilitaka kusema kwamba mama huyu ametengeneza mwenyewe jaribio safi kuliko lolote nililowahi kufanya, kwamba ameligundua jambo ambalo maabara mbili na maprofesa wao hawakuligundua, na kwamba jina lake linastahili kuwa juu ya makala, pengine juu ya langu. Lakini nilikuwa nimetoka tu kwenye mdomo wa simba, na niliogopa kwamba nikifungua kinywa wataanza upya kunihoji mimi. Nikasema sina. Hayo ndiyo yaliyofanyika. Miaka kumi na moja tumekunywa chai meza moja, naye hajawahi kunikumbusha hata kwa jicho, na mimi sijawahi kumwomba radhi.

Nakuomba radhi, Bi Chupa, mbele ya wote watakaosoma jarida hili. Nakala moja itaingia kwenye faili lako, nyuma ya ile barua, kwa sahihi yangu. Na wahariri wa ile makala ya pili nimewaandikia kwamba orodha ya waandishi ina pengo, nikawaeleza ni la nani. Wamejibu wiki hii kwamba jina lako litawekwa, na wameuliza wakuandike wa chuo gani. Nimewajibu kwamba ni wa hapa.

Kwa niaba ya maabara nzima, asante kwa miaka thelathini na sita. Mumeo, wifi yako na wajukuu sasa watakupata mchana kutwa, na glasi zao ndizo zitakazoipata joto ya jiwe. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi za furaha nyumbani kwako.